Jioni Kimondo Kilipotukunjisha Magodoro

Enzi zetu pale Keshero, mtaa wetu kando ya ziwa kubwa, mtoto alijua kukunja godoro kabla ya kujua kusoma. Vita vilitulea hivyo. Tulicheza mpira wa matambara juu ya mawe meusi ya volkano, magoti yote makovu, na zikisikika risasi tulijua nani anabeba sufuria na nani anamshika mdogo mkono. Vijana wa leo, intaneti ikikatika saa moja tu, wanasema wameteseka.

Jioni moja, maharage yakiwa bado jikoni, mwanga wa kijani wenye mkia mrefu ulikatiza mbingu. Sisi watoto tulishangilia. Wakubwa walikimbilia magodoro.

“Ni bombe,” alisema Papa, godoro tayari kichwani. “Imeanguka hapa karibu, ku kaziwa ka Lac Vert. Twende.”

Jirani yetu alikuwa ameng'oa mlango wa nyumba yake ili akimbie nao, lakini suruali aliisahau.

Mama alikuwa na mimba kubwa. Mara ya mwisho tulipokimbia, nusura mimba itoke njiani, na sasa miguu ilikuwa imevimba. Akaketi kizingitini.

“Mimi sitembei bila kujua ile kitu imeanguka wapi. Kila mutoto arudie fasi alikuwa, aonyeshe na mukono kwenye ilienda.”

Tukatawanyika. Mimi nilirudi jikoni, dada yangu Furaha barabarani, wengine chini kabisa ziwani. Papa alituzungukia mmoja mmoja, na lile godoro halikushuka kichwani. Kama kitu kingeanguka karibu, mikono yetu ingekutana mahali pamoja. Haikukutana. Yote ilielekea upande mmoja, sambamba, ng'ambo ya ziwa kubwa, mbali sana. Na masikio yetu, yaliyojua kila silaha kwa mlio wake, hayakuwa yamesikia kitu.

“Ni nyota,” Mama alisema. “Papa Furaha, weka iyo matela chini, tukule.”

Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu. Maharage yalikuwa yameungua kidogo, tukayamaliza yote. Siku chache baadaye mdogo wetu alizaliwa salama, nyumbani, siyo njiani.

Siku hizi watoto wangu wananionyesha kwenye simu vimondo vya nchi za mbali, lakini kile kilichopita juu ya bati letu jioni ile hawajui kilielekea wapi. Ninawatania sana. Ila nao wanakimbia vita kama tulivyokimbia sisi, na hilo linaniuma. Ninawaombea wapate walau jioni moja ya kuambiwa ni nyota tu, watandike magodoro, walale kwao.