Mto Niliousemea Bila Kuuona

Iko asubuhi moja ya vuli, mwanangu, iliyonikaa kooni kama mwiba wa samaki: haitemeki, haimezeki. Leo nikusimulie, maana juzi nimesikia jambo likanikumbusha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijaolewa, naishi kwetu chini ya Maji ya Chai, pale mto unapoiacha migomba na kuanza kuteremkia tambarare. Baba tulishamzika, mama alikuwa hai. Kaka yangu mkubwa, Anaeli, alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya shamba la kahawa, na mkewe, wifi Ndekirwa, na watoto watatu. Kahawa aliilima kama kila Mmeru, lakini moyo wake ulikuwa mtoni. Wazee wengine walimcheka, maana enzi hizo mtu wa mlimani kula samaki lilikuwa jambo la kuulizwa maswali. Naye alicheka nao, na jioni watoto wake walikula kambare.

Sasa uuelewe mto wetu. Maji yake ni ya rangi ya chai mwaka mzima, ndiyo maana pakaitwa hivyo. Kwingine mvuvi hutazama rangi akajua mto umechafuka. Kwetu rangi inadanganya. Ni lazima ushuke mpaka ukingoni. Utazame lile jiwe kubwa, maji yameishia wapi. Utazame povu. Utazame majani yanayoelea, ni makavu au mabichi. Majani mabichi maana yake mlima umenyeshewa usiku, na maji mengine yako njiani hata kama kwenu jua linawaka. Kiangazi samaki hujibana kwenye madimbwi wakakonda. Mvua za kwanza za vuli zikishuka, kambare hutoka matopeni na njaa ya miezi. Mvuvi hodari husubiri mto upande, kisha uanze kupungua, ndipo atege. Akiwahi, mto humchukua.

Wa kuyatazama hayo nilikuwa mimi, kwa kuwa nilichota maji kila alfajiri. Kaka alipita kwetu asubuhi, mitego yake ya fito begani, akaniuliza, "Mto umeamkaje?" Nikimwambia umelala, anashuka. Nikimwambia umeamka vibaya, anarudi kupalilia kahawa. Aliwaambia watu, "Dada yangu Aminaeli akisema, nimeona mwenyewe." Sifa ni tamu, mwanangu, ila anayesifiwa huanza kuogopa kupungukiwa.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi na ukungu. Pipa lilikuwa na maji ya jana. Nikajifunika, nikalala mpaka jua likapanda. Kaka alipopiga hodi nilikuwa jikoni na mama, nachambua maharage.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mto umeamkaje?"

Ningeweza kusema, sijashuka. Asingenigombeza, angetwaa miguu yake akaenda kuona. Lakini mama alikuwa pale, nami niliona haya kwamba yule mwenye macho leo alikuwa usingizini. Jana na juzi maji yalikuwa yametulia. Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe. Nikasema bila kuinua uso:

"Umelala."

"Umeona mpaka jiweni?"

"Nimeona, kaka."

Akanishukuru. Alinishukuru, mwanangu, kisha akashuka.

Maharage hayajachemka tukasikia mngurumo, si wa mbinguni, wa ardhini. Mama akainua kichwa. "Huo si mto?" Nilikuwa tayari nakimbia.

Majirani wawili waliokuwa wakikatia ng'ombe majani walishamvuta kwa kamba. Maji yalikuja na gogo, likambana kwenye mwamba. Nilimkuta amelala kwenye tope, uso umekuwa wa majivu, na mguu wa kulia umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Alikaa hospitali miezi. Mfupa wa paja ukaunga vibaya, akatoka na magongo mawili, wala hakuingia tena mtoni. Kahawa ilimwelemea wifi Ndekirwa, na binti yao mkubwa, mtoto aliyependa kitabu, akaacha shule ili amsaidie mama yake. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulivunja mfupa na usiishie hapo.

Watu walipokuja kumpa pole, mjomba wetu mmoja aliuliza mbele ya kitanda, "Kwani Aminaeli hakuutazama mto?"

Kaka alijibu kabla sijafungua kinywa. "Aliutazama. Alinikataza, nikashupaa mwenyewe."

Nami nilinyamaza. Huo ukawa uongo wangu wa pili, na huu hata sikuutamka.

Nilishindwa kuubeba. Alipotoka hospitali, nilimpelekea bakuli la loshoro, chakula alichokipenda tangu utoto, nikamkuta peke yake barazani. Alipokuwa akila nikamwambia yote, blanketi, pipa, haya niliyoiona mbele ya mama.

Hakushtuka. "Nilijua," alisema. "Nilipoinama kufunga mtego niliona jani bichi la mringaringa likipita. Halafu jingine. Nikasema moyoni, Aminaeli hajafika huku leo."

"Kwa nini basi hukutoka?"

"Ndiyo nilikuwa natoka."

Nikaanza kulia. Nikamuuliza kwa nini alinifichia. Akasema, "Mguu umeshavunjika. Nikikutaja, utapona? Wewe bado binti wa nyumbani, na mama ana moyo mmoja tu. Nimekusamehe. Usilie mbele ya chakula."

Ungedhani hadithi imekwisha, siyo? Mimi pia nilidhani.

Kuanzia mwaka ule sikukosa alfajiri hata moja ya vuli. Vijana wa kijiji walikuwa wamerithi mitego yake, na kabla ya kushuka walikuja kuketi naye awafundishe. Nami nilifika na miguu yangu imelowa umande, nikasema bila kuulizwa, "Kaka, maji yamefika nusu ya jiwe, povu hakuna, majani ni makavu."

"Asante, dada yangu," alijibu. Kisha aliwageukia vijana. "Mmoja wenu akatazame."

Hakusema kwa chuki. Nadhani hata hakujua kwamba alisema. Nilifikiri mwaka ujao atasahau. Nilipoolewa alisimama juu ya magongo yake akaongea vizuri kuliko wote. Nilipougua, alimtuma wifi kila siku na maziwa. Alinipenda mpaka mwisho, na kila vuli, nikimaliza kusema, alimtuma mtu akatazame. Kunisamehe alinisamehe. Kuniamini hakuweza, na hilo si kosa lake.

Alifariki wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Siku ya mazishi, watu waliposifu subira yake, nilinyanyuka ili niseme kweli yangu mbele ya wote. Wifi Ndekirwa akanishika mkono, akaninong'oneza, "Kaa. Hakutaka." Miaka yote hiyo alikuwa akijua, na hakuwahi kunipa chai kwa uso uliokunjwa. Nilikaa. Hata leo sina hakika kama nilifanya vyema.

Sasa ndiyo nakuja kwako. Juzi ulikuwa umelala kwenye kochi hapa Moshono, wenzako wa uvuvi wakakuuliza kwenye simu huko chini mto ukoje, wanataka kwenda Jumamosi. Ukajibu, "Njooni tu, maji yamepungua." Nilikusikia. Ulikuwa hujatoka nje siku mbili. Baadaye mvua iliwazuia wakaghairi, ukacheka. Mimi sikucheka.

Tunasema kuuliza si ujinga. Mwanangu, na kujibu "sijui" si ujinga. Anayekuuliza hali ya maji amekukabidhi miguu yake. Kama hujatazama, mrudishie, mwambie sijaenda kuona, naye atatazama mwenyewe. Usione haya ya dakika moja ukanunua majuto ya umri mzima. Na ukikosea, ungama mapema, lakini usidai kuaminiwa kwa sababu umesamehewa. Msamaha mtu hukupa kwa siku moja. Imani unaijenga wewe polepole, pengine asiishi mpaka uimalize, nawe uendelee kujenga tu.

Chukua simu sasa, uwaambie wenzako kwamba hukuwa umeona. Mungu akupe ulimi usiotangulia macho yako. Akupe ndugu wa kukusitiri, na akujalie usiwahi kuwahitaji kwa jambo kama langu. Na kila atakayeshuka majini kwa neno lako, arudi kwao mzima, kwa miguu yake miwili.