Kaburi la Mpakani

Mume wangu aliomba azikwe Mutuka, kando ya mama yake. Nilimzika Maisaka, kwenye kiwanja chetu, pembeni kabisa, kwenye kona ya jirani na barabara. Hatukuwa na hati, tulikuwa na karatasi ya mauziano tu, na kila masika jirani aliusogeza ua wa minyaa upande wetu. Nilijua hatathubutu kuvuka kaburi. Ndugu wa mume walipouliza, nilisema marehemu alibadili mawazo.

Mwaka huu wapimaji wa ardhi walikuja kurasimisha mtaa, ili tupate hati. Mmoja alisimika bikoni, jiwe la mpaka, kati ya kaburi na nyumba.

"Mama, kiwanja chako kinaishia hapa. Kule ni hifadhi ya barabara. Kaburi itabidi lihamishwe."

Jirani alikuwa amesimama kwenye minyaa.

"Shemeji, mlinzi wako umemlaza barabarani!"

Watu walicheka. Hata mimi nilikaribia kucheka.

Siku ya kumfukua, ndugu zake walilia upya. Mimi nilisimama nimewapa mgongo, nikiitazama ile bikoni, wachimbaji wasije wakaing'oa kwa majembe yao.