Vidange Juu ya Mkojo wa Mbwa

Mpaka leo nikimkumbuka yule mbwa, damu inanichemka. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni mwindaji kule Kibua. Alikuja kwetu Nyamitaba na mbwa wake wa kuwindia, mwenye kengele ya mti shingoni, akatuachia "kwa wiki moja." Mbwa akakaa msimu mzima wa mvua. Na alilala wapi? Katika chumba cha wageni, juu ya sakafu ya mbao! Mume wangu alisema eti mbwa wa ndugu yake hawezi kulala nje kama mwizi.

Mbwa aliondoka, mkojo wake ukabaki. Nilisugua zile mbao kwa majivu na ndimu, nikaacha dirisha wazi. Jua likiwaka harufu ilipungua, mvua ikinyesha ilirudi kama mwenye nyumba.

Ningevumilia, lakini mama yangu alikuwa anakuja kutoka Kibabi. Miguu yake ilikuwa imechoka na milima, nami nilikuwa nimembembeleza sana ahamie kwetu. Alikubali kuja kujaribu tu. Na ninamjua. Kwetu mama mkwe halalamiki katika nyumba ya mkwe wake. Akikerwa, anafunga vitenge vyake anarudi kwake, na hutajua kamwe kosa lilikuwa nini. Kurudi kwake ni kuchota maji peke yake, kuugua peke yake, kuanguka peke yake.

Nikamwomba mume wangu aite fundi azipige randa zile mbao.

"Harufu iko kidogo tu, Mama," akanijibu. "Itaisha yenyewe."

Nilipokuwa shambani navuna maharagwe, akaona anifurahishe. Akachukua vidange, yale mafuta meusi yaliyochoka kwenye injini, tunayopaka kuta za nje ili wadudu wasile mbao, akapaka pale mbwa alipokuwa akilala. Ndani ya nyumba! Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Sasa chumba kilinuka mbwa aliyelala gereji. Nililia kwa hasira.

Mama alifika siku iliyofuata. Akaingia chumbani, akasimama kidogo, akatoka anatabasamu.

"Niko nasikia baridi, mutoto wangu. Nitalala ku jikoni, karibu na moto."

Mama yangu, jikoni, kama kuku! Kulipokucha nikamkuta anakunja vitenge vyake.

Nikamsihi angoje usiku mmoja tu. Mume wangu alipotoka, nilichukua nyundo nikang'oa zile mbao, nikakwangua udongo uliolowa chini yake, nikamwaga majivu. Kisha nikaingia chumba chetu, nikang'oa mbao safi za upande anaolala mume wangu, nikazipigilia chumbani kwa mama. Zile za mbwa nikazipigilia kwetu, pale pale anapoweka kichwa. Na usiku ule mimi nikalala na mama, chumba cha wageni.

Asubuhi mume wangu alitoka macho mekundu.

"Mama, mule mu chumba munanuka sana!"

"Iko kidogo tu, Papa," nikamjibu. "Itaisha yenyewe."

Mama yangu alikuwa nyuma yangu, anachambua maharagwe. Alicheka mpaka akashika mbavu, yeye ambaye hajawahi kucheka mbele ya mkwe wake. Mume wangu akatoka kwenda kumtafuta fundi wa randa. Mama akainuka, akafungua furushi lake, akaanza kutundika vitenge vyake kwenye kamba ya chumbani, kimoja kimoja.