Jukwaa la Mama Wakwe

Miaka mitatu ya mwanzo ya ndoa yangu nilimjua mama mkwe wangu kwa miguu tu. Usinicheke. Kwetu huku, kati ya Ruangwa na Nachingwea, mwanamume akioa alihamia kwa mkewe, na akishahamia, macho yake na ya mama mkwe hayakutani. Mkikutana njiani unaingia majanini, unachuchumaa, unainamisha kichwa mpaka apite. Ndivyo nilivyoijua ile miguu: mipana, visigino vimepasuka kwa kazi ya shamba, na kidole kidogo cha kushoto hakina ukucha. Ningeitambua kati ya miguu mia. Sura yake sikuijua. Niliambiwa ni mzuri.

Nilikuwa seremala. Nilitoka Mbekenyera nikaja Nachingwea wakati wa mradi wa karanga, mji ulipokuwa unaota kama uyoga, nikajifunza kazi kwenye karakana ya matrekta. Huko ndiko nilikojua randa na patasi, na huko ndiko nilikopata jeuri ya mtu anayelipwa kila mwezi. Kisha mradi ukafa. Matrekta yakanyamaza, Wazungu wakafunga mizigo, na mimi nikajikuta nashika jembe kwenye shamba la ukweni. Jembe na mimi hatukupatana hata siku moja. Nilitumwa kupalilia mihogo, nikang'oa mihogo.

"Mama kasema," mke wangu aliniambia siku moja huku anapeta mtama, "kama mpaka ufuta unavunwa hujaonyesha kazi ya mikono yako, atatuma mtu Mbekenyera kwa wajomba zako waje wakuchukue."

"Wanichukue kama mbuzi?"

"Mbuzi angetuachia mbolea."

Akacheka, kwani ulimi wake ulikuwa pilipili tangu zamani. Kisha akaacha kucheka, akaendelea kupeta bila kunitazama, nikajua kwamba naye hataki niondoke. Niliogopa. Kurudishwa kwenu na mkwe si jambo la kusimulia watu, na mke yule nilimpenda kuliko nilivyojua kusema. Ufuta wenyewe ulikuwa umeshaota, umefika magotini.

Bahati yangu ilikuja kwa njia ya mpira. Uwanja wa Nachingwea wakati huo ulikuwa uwanja kwa jina tu. Palikuwa na magoli mawili na kamba kuzunguka nyasi, na watu wakinogewa na mchezo waliisukuma kamba mpaka mpiga kona alilazimika kuomba njia. Kiingilio kililipwa na wenye haya. Mwenyekiti wa kamati ya uwanja, fundi cherehani mmoja mfupi ambaye futi haikumtoka shingoni mchana kutwa, akaamua kwamba imetosha. Tutajenga ua wa mianzi, tutaweka mlango mmoja, na tutajenga jukwaa la viti. Kusimama senti ishirini, kukaa sumuni, yaani senti hamsini. Mbao zilikuwapo tele, za makasha yaliyoletewa vyuma vya matrekta, na mapipa matupu yalizagaa kila mahali. Akaniita mimi.

"Viti vikijaa siku ya mechi na Ruangwa," aliniambia, "tutajenga na upande wa pili, na kazi zote za mbao za uwanja huu ni zako. Visipojaa, fundi, tutakuwa tumejenga banda la kuku."

Nilifanya kazi kwa furaha ya mwendawazimu. Nilinyoosha misumari iliyopinda, nikapiga randa mbao zilizokataa kupigwa randa. Niliwahi kuliona jukwaa la klabu ya Wazungu, nikalinakili lilivyo: ngazi sita, wazi mbele, wazi pembeni, linaangalia uwanja na kuangaliwa na dunia nzima. Nililipenda mno. Jioni nilikuwa nalizunguka bila sababu, nalipapasa.

Mechi ya kwanza tulicheza na Mandawa. Watu walijaa mlangoni mpaka mianzi ikalia, wakalipa, wakaingia, na wote wakaenda kusimama. Kwenye jukwaa langu walikaa watu wawili, karani wa posta na mgeni wake kutoka Lindi. Mwenyekiti akasema ni bei. Mechi ya pili kiti kikawa senti thelathini. Karani akaja peke yake. Mechi ya tatu tukasema kiti bei moja na kusimama, na mechi ya nne mwenyekiti akapanda juu ya pipa akatangaza kwamba kukaa ni bure kabisa. Wakapanda kuku. Mwenyekiti alinitazama tu, wala hakukumbusha alichosema.

Mimi hasira zangu haziko mbali. Pale kambani alikuwa amesimama winga wetu wa kushoto, muuza nyama, ambaye siku hiyo hakucheza kwa sababu alijikata kidole cha mguu kwa shoka. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Nikamkamata shati.

"Wewe! Kiti bure, mguu unauma, na bado umesimama kama korongo! Viti vyangu vina kunguni?"

"Fundi, punguza sauti," alisema, macho chini. "Unawaona wale akina mama wanaouza mihogo kivulini, mbele ya jukwaa lako? Yule wa tatu ni mama mkwe wangu. Unataka nipande nikakae juu ya kichwa chake? Nimnyooshee miguu, watu wote wanaona?"

"Haya, wewe ni wewe. Na hawa wengine?"

"Nani hapa hana mkwe?" Akanisogelea. "Kwani unadhani kwa nini mimi sikimbilii upande ule wa jukwaa? Watu wananisema mguu mzito. Mguu hauna neno. Wanakaa palepale pembeni ya mstari, nitampitaje usoni na bukta?"

Nilikaa chini kwenye nyasi. Karani wa posta alikuwa mtu wa kuja, hakuoa kwetu, ndiyo maana alikaa raha mustarehe. Na mimi, ninayejificha majanini kila siku ya Mungu, nilikuwa nimejenga kitu ambacho mimi mwenyewe nisingethubutu kukikalia. Mwezi mzima nilikipiga misumari wala halikunijia hilo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena na mtu mwenye kidole kibovu.

Nilipomweleza mwenyekiti, yeye alitaka kuwapiga marufuku wauza mihogo. Nikamwambia hapana, akifanya hivyo ataona moto, maana wa kwanza kati yao ni mama mkwe wake. Nikamwambia tusiwashushe akina mama, tuwapandishe. Tuongeze ngazi mbili juu kabisa, nyuma ya zile sita, zenye kipandio chake cha nyuma. Tupige majamvi pembeni, na paa la nyasi juu yao, kivuli kiwe kizito hata aliye uwanjani asitambue sura ya mtu. Mkwe atakaa juu, kwa heshima yake. Mume wa binti yake atakaa chini, amempa mgongo, wote wanatazama upande mmoja. Nani atamwona nani?

"Na nani atalipa sumuni za akina mama?" akauliza.

"Wakwe zao. Tiketi moja, sumuni moja, watu wawili. Mwanamume anakata nusu, anampa mkewe, mkewe anampelekea mama yake."

Mwenyekiti akacheka mpaka futi ikamwanguka. Akatoa uzi kwenye cherehani yake, akapitisha karatasi ya kwanza chini ya sindano tupu, tk-tk-tk, ikatoka na mstari wa vitundu katikati. Akaikunja, akaivuta, ikachanika sawasawa. Tulichezea zile karatasi kama watoto, tukaharibu nyingi.

Zilibaki wiki mbili, na maganda ya ufuta shambani yalishaanza kugeuka rangi. Nilifanya kazi na mke wangu akinishikia mbao, ananitania kwamba sasa amepata mume, zamani alikuwa na mpangaji. Tiketi zilipotolewa barazani kwa mwenyekiti, zilikwisha kabla ya Ijumaa. Sikutegemea kilichotokea vijijini. Mama mkwe mmoja akipata nusu tiketi, aliifunga kwenye upindo wa kanga akaenda nayo kisimani, akaifungua mbele ya wenzake kana kwamba anatafuta kitu kingine. Ambaye hakupata alimwita binti yake akamuuliza kama aliolewa na mtu au na mchi. Wanaume ambao hawajawahi kutazama mpira walikuja kumlilia mwenyekiti awauzie hata tiketi ya kusimama, mradi nusu ile ipatikane.

Na mimi nilipeleka ya kwangu.

"Kaipokea?" nilimuuliza mke wangu.

"Kaipokea."

"Kasema nini?"

"Hakusema kitu. Kaiweka chini ya mkeka."

Siku ya mechi watu wa Ruangwa walikuja na malori mawili na ngoma, na wengine kwa miguu tangu alfajiri, wanatutukana kwa upendo kuanzia mbali. Baada ya swala ya alasiri palikuwa hapana pa kuweka unyayo. Ngazi sita za chini zilijaa wanaume waliokaa wima, wanatazama mbele tu, mtu asigeuze shingo. Juu yao, nyuma ya majamvi, palikuwa na kelele za akina mama kama mnada. Kiti changu kilikuwa ngazi ya kwanza. Nilikikalia kwa muda wa kumeza mate mara moja, kisha nikasikia ubao unalia.

Niliujua mlio ule. Zile ngazi mbili za juu nilizijenga kwa haraka, na akina mama walipanda na vikapu vya mihogo yao, wajukuu mgongoni. Nikanyanyuka, nikazunguka nyuma, nikaingia chini ya jukwaa. Kulikuwa na giza kama ndani ya gunia, ila kati ya ubao na ubao niliacha upenyo wa vidole viwili, na katika upenyo ule niliona nyayo zimejipanga kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikwenda kumtafuta, nilikwenda kutafuta ubao unaolia. Lakini nilipoufikia, mguu uliokuwa juu yake ulikuwa mpana, kisigino kimepasuka, na kidole kidogo hakina ukucha.

Alikuja! Moyo uliniruka kama wa kijana anayeona barua. Papo hapo uwanja mzima ukapiga kelele, tumefunga, na miguu yote ikanyanyuka na kushuka kwa pamoja. Ubao ukapinda. Msumari mmoja niliounyoosha kwa mikono yangu ukaanza kutoka taratibu, unanicheka. Nikaingiza bega chini ya ubao, nikasukuma juu, ukatulia.

Sikuutoa tena mpaka filimbi ya mwisho. Mechi kubwa kuliko zote za ujana wangu niliitazama kwa nyayo. Zikitulia, mpira uko kwa Ruangwa. Vidole vikijikunja, Ruangwa wanakaribia goli letu. Walipotufunga, zile nyayo zilikaa kimya kama zimefiwa. Winga wetu, aliyepona kidole na sasa hakuna mkwe pembeni ya mstari, aliuchukua mpira upande wa jukwaa akaupita huo upande mzima, au ndivyo nilivyoambiwa. Mimi nilijua ni bao kwa sababu mama mkwe wangu alirukaruka mara nne juu ya bega langu. Nilikuwa naumia na nilikuwa nacheka peke yangu gizani. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi vile nimebeba mzigo.

Tulishinda mawili kwa moja. Mwenyekiti alinikumbatia mbele za watu, akasema upande wa pili tuuanze kabla ya mvua, na safari hii misumari mipya. Sikumweleza mtu yeyote habari ya ubao. Nyumbani mke wangu aliponiona nimepinda bega, nilisema nimejikwaa.

Asubuhi alitoka kwa mama yake na kichupa cha mafuta ya ufuta.

"Mama kasema ujipake begani, asubuhi na jioni. Na kasema wajomba zako hataki kuwasumbua. Wakipenda waje kutazama mpira."

"Bega kalijuaje?" nikauliza. "Mle chini nilikuwa peke yangu."

"Nami nilimuuliza hivyohivyo. Kasema ubao ulipoacha kulia, alichungulia kwenye upenyo akaona utosi." Mke wangu alikuwa ameanza kucheka, na macho yamemjaa maji. "Kasema miaka mitatu hajaonyeshwa kitu kingine chako, huo atausahauje?"