Mtoto wa Nyumba Mbili na Jino Lake

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka na mpaka leo inanitatiza. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu pale Bagamoyo, shavu limevimba, jino linaniuma hata sioni mbele, na baba yangu ameapa kwamba shule basi. "Huko ndiko alikomtoa huyo mdudu wa jino," alisema. "Wanatiliana kalamu vinywani." Nami shule niliipenda kuliko kula.

Wazazi wangu walikuwa wameachana. Siku za masomo nilikaa mjini kwa baba na mama wa kambo, na za mapumziko nilikwenda Kaole kwa mama. Mama alinipikia kashata na chai ya sukari tele, kwa kunionea huruma. Mama wa kambo naye alinimegea halua kila jioni. Alfajiri aliwakurupusha wanawe wa kuzaa wapige mswaki, mimi akaniacha nilale. Meno yao meupe, yangu yanaoza. Sikuelewa kabisa: ikiwa mimi ndiye ninayedekezwa, mbona mimi ndiye ninayeumwa? Nikashuku husuda, nikashuku na jini. Utoto, mwanangu.

Shangazi yangu akaja kutoka Saadani. Alinifunua kinywa, akauliza, "Nani humwambia huyu apige mswaki?"

"Mamake," akajibu mama wa kambo.

Mama alipoitwa akasema alidhani huambiwa kwa babake. Baba akasema kazi yake yeye ni kuleta matumizi.

"Basi nyumba mnazo mbili, na kinywa cha mtoto hakina mwenyewe," shangazi akasema. "Shule ina kosa gani?"

Mama wa kambo akaanza kulia. "Nimkemee, majirani waseme namtesa kwa kuwa si wangu?"

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tulilia sote, na mimi nikawapita wote, maana kesho yake jino liling'olewa hospitali. Shule baba aliniachia, ila kwa kununa.

Kidonda kilipopona, alfajiri moja mama wa kambo akanivuta shuka. "Amka, mvivu we. Shika mswaki." Halua nayo ikawa ya sikukuu tu. Nililia sana, nikajua sasa amenichukia. Nimekuwa mtu mzima, naye nimekwisha kumzika, ndipo nikafahamu kwamba alfajiri ile ndipo aliponifanya mwanawe.

Mwanangu, utalea wa kwako na wa mwenzio, dunia ndivyo ilivyo. Usimlishe mtoto utamu ili watu wakusifu. Akiamkia kwako, mwamshe wewe apige mswaki, wala usiseme yuko mwingine wa kumwambia. Nani wa kulaumiwa katika yale yangu, sijui, kwani wote walinipenda. Mungu akupe watoto, akupe na moyo wa kuwafokea hata wakikukasirikia, akujaalie na uzee wenye meno. Amin.