Siku Shangazi Alipolazwa Kama Mzazi

Nilipomaliza chuo na kukosa kazi, nilihamia kwa shangazi yangu mjini Voi. Kwa sababu nilisomea uchumi, aliniachia hesabu za nyumba. Yeye hushona sare za shule. Hakuolewa, na hakuzaa. Makao ya watoto yalikuwa yamempa msichana mdogo amlee kwa majaribio, na mtoto alikuwa ameshaanza kumwita mama. Kilichobaki kilikuwa kesi ya kumuasili.

Wakili alitaka amana kabla ya mwisho wa mwezi. Kesi isipofunguliwa, makao yangeweza kumpa mtoto familia nyingine iliyo tayari. Nilipiga hesabu kila namna. Nilipunguza nyama, nikapunguza umeme, nikamkadiria mtoto maziwa mpaka kidato cha nne, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Kila hesabu iliishia pale pale: cherehani ya pili iuzwe. Na bila cherehani hiyo, msimu wa kufungua shule ungempita shangazi.

Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nitaenda kwa kina mama."

Kina mama ni chama cha wanawake wa Bura wanaoishi Voi. Mmoja wao akijifungua, wengine huchanga na kwenda kumwona mzazi na mtoto wake. Shangazi alikuwa akichangia watoto wa wenzake tangu mimi niko shule ya msingi. Yeye hakuwahi kuchangiwa.

Nilimsindikiza nikiwa na hotuba kichwani, pamoja na vifungu vya sheria. Sikupewa nafasi.

"Sisi huchangia mzazi," mweka hazina alisema. "Huyu mtoto anatembea. Tumbo lilikuwa wapi, dada?"

"Lilikuwa kwa wakili," shangazi akajibu. "Na uchungu bado haujaisha."

Walicheka wote isipokuwa mweka hazina. "Leo ni huyu. Kesho mwingine ataleta mpwa wake kutoka Kishushe aseme amejifungua."

"Mpwa haendi kortini," mwenyekiti akasema. "Na wewe, mapacha wako nani alikupima tumbo? Tulileta sukari tukanyamaza."

Mimi nilikuwa nimerudi kwenye bei ya cherehani.

"Sawa," mweka hazina akasema hatimaye. "Lakini kama ni uzazi, uwe uzazi kamili. Mzazi hulala. Hapiki. Na nisimwone na sindano."

Jumamosi walikuja na kuni, unga wa uji, na kimanga cha maharagwe na mihogo kwenye vyombo vya kutunza joto. Shangazi alilala kitandani mchana mweupe, amejifunga leso kiunoni, akitazama dari kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mtoto alipitishwa kutoka paja hadi paja akilia, na alipofika kwa mweka hazina, akamtapikia kimanga.

"Haya," mweka hazina akasema akijifuta. "Huyu ni mchanga."

Nilichungulia mlangoni kuuliza kama michango imetosha.

"We kijana, toka! Mwanamume haingii kwa mzazi. Nenda ukasonge sima."

Nilisonga. Niliwaza kama wakili angepandisha bei akisikia tumechangiwa, na kama afisa wa watoto angeuliza kwa nini mwenye nyumba yuko kitandani na si mgonjwa. Sima ikaungua chini. Waliila hivyo hivyo, wakaniambia chuo hakikunifundisha kitu.

Jumatatu shangazi alipeleka amana. Michango haikufikia kiasi kile, akajazia kwa pesa za kitambaa. Faili ilifunguliwa. Tarehe ya kusikizwa tungepewa baadaye, na mtoto angekaa kwetu tukisubiri.

Jioni mweka hazina alipita akamkuta shangazi kwenye cherehani, sare zimejaa mezani.

"Mzazi, nani amekuamsha?"

"Shule zinafunguliwa, dada."

Mweka hazina akamwinua mtoto, akamfunga mgongoni, akatoka naye nje ili mama yake amalize kushona.