Fundi wa Taa Aliyefelishwa na Taa

Saa moja asubuhi foleni ya magari imeshafika kituo cha mafuta, na mwanamke aliyevaa kizibao cha njano amechuchumaa mbele ya kabati la chuma pembezoni mwa makutano. Anafungua mlango, anarudi nyuma kidogo, anasubiri. Mjusi anachungulia, anamtazama, kisha anatoka bila haraka kama mpangaji aliyepewa notisi.

"Huwa wanafuata joto," anasema. "Ukiingiza mkono kabla hawajatoka, mmoja anaruka, unashtuka, unagusa usichotakiwa kugusa. Taa za makutano mazima zinazimika, na lawama zote zako."

Majirani wanamwita Mama Taa. Jina lilianza kama utani wa watoto wa mtaani, likamganda. Ana miaka arobaini na mitatu, ni mama wa mabinti wawili, na sehemu kubwa ya ndoa yake ameitumia kuhudumia taa za kuongozea magari za mji huu. Anabadilisha balbu, anaunga nyaya zilizokatwa na wachimba mitaro, na anapanga kila upande wa barabara upewe kijani kwa muda gani.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtoa jasho. Kupanga alikuwa anaweza, ila kutia sahihi hakuruhusiwa. Mpango wa taa hauingii barabarani mpaka usainiwe na mhandisi aliyesajiliwa, na usajili haupatikani bila mtihani wa bodi. Yeye alianza kama fundi sanifu, akasomea shahada ya uhandisi kwa masomo ya jioni huku akinyonyesha, akadhani amemaliza shule. Kumbe wapi.

Mara ya kwanza alifeli. Udongo alipita, zege akapita, mifereji ya maji akapita. Kilichomwangusha ni taa.

"Ningefeli zege ningeelewa," anasema. "Zege naliona kwa mbali tu. Lakini taa? Taa ndizo zinazonilisha."

Sababu aliijua baadaye. Kazini kompyuta ndiyo inayopiga hesabu: yeye anaingiza idadi ya magari na upana wa barabara, mashine inatoa jibu. Kwenye chumba cha mtihani alikuwa na kalamu yake na kikokotoo tu. Mara ya pili akakariri kanuni zote mpaka akawa anaziota. Swali likageuzwa kidogo tu, akashindwa kujua aanzie wapi.

Ofisini hakuna aliyemcheka usoni, ila maneno hayana mlango, yalimfikia: fundi wa taa kafelishwa na taa. Akavitia vitabu kwenye boksi, boksi akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Mumewe, fundi wa majokofu, alimwambia apumzike, maisha yanakwenda, na hakuna mtu nyumbani aliyemwoa kwa ajili ya cheo. Aliyasema kwa wema. Mama Taa akaenda kulilia bafuni, bomba akiwa amelifungua.

Aliyelitoa lile boksi uvunguni ni baba mkwe wake.

Mzee huyo, ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina la Filimbi, alikuwa askari wa usalama barabarani. Enzi zake alisimama katikati ya makutano makubwa kuliko yote mjini, juu ya kijukwaa cha mbao, glovu nyeupe mikononi, akiyapeleka magari huku na huko. Taa zilipoletwa akaingizwa ndani, kwenye kaunta ya kituo cha polisi, kuandikisha ajali. Hakuzisamehe. Siku mwanawe alipoleta mchumba nyumbani na kutaja kazi anayofanya, mzee aliweka kikombe chini akauliza kama wasichana wengine wote wa mji walikuwa wamekwisha.

"Alinipokea vizuri, nisimsingizie," Mama Taa anasema akicheka. "Ila taa ikizimika popote mjini, baba ananipa pole kwa sauti ya mtu aliyefurahi."

Presha ya macho ilimwibia mzee nuru yake pole pole, mpaka akabaki hatofautishi dirisha na ukuta. Akahamia kwa mwanawe. Kiti chake kikawekwa karibu na meza ya chakula, palepale ambapo mkwewe alikuwa akisoma kwa kunong'ona kila jioni. Minong'ono ilipokatika, Filimbi akaona nyumba imepwaya. Akauliza kulikoni, akaambiwa. Akamtuma mjukuu wake mkubwa akalivute boksi, kisha akamtaka mkwewe amsomee swali moja tu, lolote.

Mama Taa alimsomea kwa heshima, bila moyo. Barabara mbili zinakatana, magari kadhaa yanatoka huku na kadhaa kule, tafuta muda wa mzunguko mzima wa taa. Akashika kalamu ili achore, akakumbuka anaongea na mtu asiyeona. Ikabidi kila kitu akiseme kwa mdomo.

"Hapo ndipo nilipojijua," anasema. "Baba ananiuliza, kwa nini? Namwambia, ndiyo kanuni yenyewe. Ananijibu, hilo ni jina, mimi nimekuuliza sababu."

Basi ikawa kila jioni, vyombo vikishaoshwa, wawili hao wanakaa na kubishana. Mzee alishikilia kwamba dawa ya foleni ni kuupa kila upande kijani kirefu, magari yaishe yote. Mkwewe akamweleza kuwa kijani kikirefushwa huku, kule wanaungua jua, na mwisho wake taa inawaka kijani kwa barabara tupu. Mzee hakukubali. Mama Taa akamuuliza kama enzi zake juu ya kijukwaa aliwahi kuruhusu upande mmoja mpaka gari la mwisho lipite. Mzee akasema haiwezekani, wale wengine wangemtukania mama yake.

"Basi, Baba, na taa inatukanwa vivyo hivyo," akamjibu.

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Siku nyingine ilikuwa zamu ya njano. Filimbi aliamini njano iliwekwa kumpima dereva: mwoga anasimama, jasiri anapita. Mama Taa akamweleza kwamba njano ikiwa fupi mno humnasa dereva mahali pabaya, ambapo akikanyaga breki hawahi kusimama na akiendelea hawahi kumaliza kupita. Muda wa njano unapigiwa hesabu ili mahali hapo pasiwepo kabisa. Mzee akasema kule kaunta madereva wengi walimweleza jambo hilohilo, na hakuna askari aliyewaamini.

Mtihani wa tatu ulikuwa umekaribia pale balaa lilipotokea.

Filimbi alikuwa na siku yake ya kliniki ya macho. Kwa kawaida mwanawe humpeleka na kumrudisha. Siku hiyo mwana alikwama kwenye jokofu la mteja, na mzee, ambaye hapendi kungojeshwa, akatoka getini mwa hospitali peke yake na fimbo yake nyeupe. Akasikiliza mpaka magari yakasimama, akaanza kuvuka. Kabla hajamaliza, injini zikaanza kunguruma pande zote. Akafanya alichokifanya nusu ya maisha yake: akasimama wima, akanyoosha mkono, kiganja mbele.

Magari yaliyokuwa mbele yakatii. Pikipiki iliyokuwa ikipenya katikati yake haikumwona. Ilimvunja kifundo cha mkono na mbavu mbili.

Mama Taa alipofika wodini alimkuta amefungwa bandeji, uso umevimba. Alikuwa hajatamka hata pole, mzee akamtambua kwa mwendo wake.

"Mwanangu," akamwambia, "sikuchelewa kuanza. Taa yenu ndiyo iliyowahi kumaliza."

Neno hilo mpaka leo hajalisahau. Makutano yale aliyajua ndani nje. Mkuu wa kitengo ndiye aliyesaini, lakini takwimu aliziingiza yeye, na zilikuwa sahihi kwa mujibu wa mwongozo. Upana wa barabara uligawanywa kwa mwendo wa mtu wa kawaida, mita moja na kidogo kwa kila sekunde. Mtu mzima, mwenye afya. Mbele ya geti la hospitali.

"Mkuu aliniambia hakuna aliyekosea," anasema. "Alisema kweli. Ndiyo maana niliumia zaidi."

Asubuhi zilizofuata alisimama pale na saa ya kupimia, kabla ya kuingia ofisini. Akawaona wajawazito, watu wa magongo, mama aliyebeba mtoto mgonjwa mgongoni na mwingine akimvuta mkono. Wengi taa iliwageukia wakiwa bado barabarani, wakamalizia kwa kukimbia, wale wenye uwezo wa kukimbia. Akaandaa mpango mpya: muda wa kuvuka uongezwe, na kiwekwe kifaa cha mlio cha kuwajulisha wasioona wakati wa kuvuka.

Mkuu wake hakukataa. Alimwonyesha tatizo. Foleni ya barabara kuu ikirefuka inafika kwenye kipilefti cha kule juu, na gari la wagonjwa nalo linakwama humo humo.

"Sekunde haziokotwi," alimwambia. "Niambie unamnyang'anya nani."

Akaongeza kuwa yeye ndiye mhandisi pekee aliyesajiliwa katika kitengo, ana taa za wilaya tatu, na jambo kama hilo litasubiri mwaka ujao wa bajeti.

Mama Taa alirudi nyumbani na swali hilo. Kulitafutia jibu kukawa ndiko kusoma kwake. Mzee, mkono umo kwenye plasta, alikuwa mkali kuliko mkuu wa kitengo. Alitetea madereva wa kila upande kama vile wamemlipa. Kwa kubishana hivyo wakagundua kwamba barabara ndogo itokayo kwenye maghala ilikuwa inapewa kijani kirefu kuliko mahitaji ya magari yake, isipokuwa saa za kushusha mizigo tu. Sekunde za kuchukua zilikuwa hapo.

Siku ya mtihani swali la wavukaji lilikuwepo, dogo, la alama chache. Lililokuwa gumu ni la mzunguko mzima. Alilijibu akijieleza kwa sauti ya chini, kama yuko mezani kwao, mpaka msimamizi akaja kumnyamazisha. Alinyamaza, kisha akasahau, msimamizi akaja tena.

Matokeo yaliingia kwenye simu akiwa juu ya ngazi, anabadilisha kioo cha taa nyekundu. Hakuyafungua mpaka aliposhuka chini na kuketi ukingoni mwa barabara. Alikuwa amepita. Alipopiga simu nyumbani mumewe alimpa mzee simu azungumze. Filimbi akataka kujua kwanza kama aliyesahihisha ni mtu au ni mashine.

Mpango wa kwanza aliousaini kwa jina lake mwenyewe ni wa hospitali. Mkuu wake aliupitia mstari kwa mstari, wakavutana, na Mama Taa akalazimika kurudisha baadhi ya sekunde. Muda mpya ulianza kutumika mwezi uliopita. Hafichi kwamba jioni foleni ya barabara kuu imerefuka kidogo. Dereva mmoja alishusha kioo akamporomoshea matusi aliyeharibu taa zile, bila kujua anaongea na mhusika mwenyewe. Alimpa pole, akaendelea na kazi.

Anasema hospitali ni mwanzo. Anataka kupitia kivuko kimoja kimoja mbele ya zahanati na shule, apime watu wanaovuka pale hasa, si mtu wa kwenye mwongozo. Anataka pia mafundi sanifu wawili wa ofisini kwake wafanye mtihani mwakani, na ameshawaambia watafute mtu wa kubishana naye.

Kifaa cha mlio kimefika na kitafungwa Jumatatu. Filimbi, ambaye tangu agongwe hajatoka nje bila kushikwa mkono, ametaka awe mtu wa kwanza kuvuka kwa mlio wake. Mkono wake umepona ukiwa umepinda kidogo. Familia imejadili sana nani amsindikize. Mwanawe alisema yeye, wajukuu wakasema wao. Mzee akakataa wote.

"Nimemwomba nimngoje upande wa pili, amekubali," anasema Mama Taa. "Lakini amenikataza kumwita akiwa njiani. Anasema anataka asikie taa, asinisikie mimi."